Kupe, radi na baisani: kabla hujaipeleka familia kwenye mbuga za Kansas

*"Salamu mtaalamu. Tunaishi Kansas City, mimi, mke wangu na watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 4. Tulikuja hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Shule ilimpeleka mkubwa wetu kwenye hifadhi ya Tallgrass Prairie, kule Flint Hills, na tangu arudi hana habari nyingine. Anataka twende wote tukatembee. Mimi nina mashaka. Aprili iliyopita nilipita barabara kuu ya Wichita usiku, vilima vinawaka pande zote na sikuona hata gari moja la zimamoto. Mwenzangu kazini anasema kule kuna kupe ambaye akikuuma huli nyama tena mpaka unakufa. Mtoto anasema baisani, wale nyati wa Amerika, wanatembea tu, hakuna uzio kati yao na watu. Na mke wangu kasema: 'Porini tumetoka tukikimbia, leo turudi kwa starehe? Na nyoka je?' Twende au tuache? Kama ni kwenda, twende lini, na niogope nini hasa?"*

Nendeni, ndugu yangu. Ila msiende Julai, na safari ya kwanza iwe fupi.

Hofu zako zina msingi, lakini mpangilio wake ungekuwa tofauti kama ningeupanga mimi. Wewe umeanza na moto na kumalizia na nyoka. Mimi ningeanza na kupe, kisha radi na jua, ambavyo hukuvitaja kabisa. Baisani wangefuata, nyoka wangekuwa mwisho, na moto ningeutoa kwenye orodha, isipokuwa kama kuna mtoto mwenye pumu.

Tuumalize moto kwanza, maana naona ndio uliokukosesha usingizi. Vilima ulivyoviona havikuungua kwa bahati mbaya. Wenye mashamba ya mifugo waliviwasha wenyewe, kama wanavyofanya karibu kila mwaka majani yakishakauka kwa baridi, na hasa mwezi wa Aprili. Gari la zimamoto hukuliona kwa sababu hakuna aliyeliita. Wachomaji hutoa taarifa wilayani, wakaangalia upepo, wakatangulia kuchoma mkanda mwembamba upande ule upepo unakoelekea, kisha wakausimamia moto kwa matangi ya maji mpaka unapokutana na mkanda ule ukakosa cha kula. Aliyekulia Fizi, Kasulu au Rutana ameona wafugaji wakichoma majani makuukuu ili ng'ombe wapate mabichi. Ni akili ileile. Huko Kansas wenyeji wa asili, Wakansa na Waosage, walikuwa wakichoma mbuga hizo zamani sana, kabla mzungu hajafika na ng'ombe wake.

Majani hayafi kwa moto kwa sababu uhai wake hauko juu. Mti hukua kwa ncha za matawi, kwa hiyo moto ukiziunguza umempunguzia mti mwaka mzima wa kazi. Majani ya mbuga hii huchipua kutoka kwenye shina lililo usawa wa udongo au chini yake, na mizizi ya baadhi yake hushuka zaidi ya mita 2. Moto unapita juu, mali iko ghalani. Tena takataka za mwaka jana zikishaungua, jua hulifikia tumba jipya moja kwa moja, na udongo mweusi hupata joto mapema. Ukipita mahali hapo baada ya wiki mbili tatu utakuta kijani kinachong'aa, na baisani wamejazana papo hapo wakiacha majani marefu ya upande wa pili. Moto ukikosekana miaka kadhaa, miti ya jamii ya mreteni huingia na kuigeuza mbuga kuwa kichaka. Sisemi kila mchomaji anafanya vizuri. Kuchoma eneo zima kila mwaka kunawanyima maficho ndege wanaotaga chini, wakiwemo kuku wa mbuga ambao madume yao hucheza alfajiri mwezi wa Machi na Aprili kutafuta wake. Ndiyo maana kwenye hifadhi siku hizi wanachoma kipande leo na kingine mwakani. Binafsi naona hao ndio wenye hoja.

Lililo muhimu kwako ni moshi. Aprili hufika hadi Kansas City, kwa hiyo mwenye pumu abaki ndani siku hizo na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Ukiwa barabarani ukakutana na moshi mzito, washa taa, punguza mwendo, usisimame katikati ya barabara. Na kama njia ya kutembea imefungwa kwa ajili ya kuchoma, geuzeni.

Sasa kupe. Mwenzako wa kazini amesema kweli, ila ameitia chumvi. Kupe anayemzungumzia, jike lake lina doa moja jeupe mgongoni, na amejaa mashariki mwa Kansas na Missouri. Kwenye mate yake kuna aina ya sukari iitwayo alfa-gali. Sukari hiyo imo kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na karibu kila mnyama anyonyeshaye, lakini sisi binadamu hatuna. Kupe akikuuma, mwili wako unaiona sukari ile ikiingia kwa njia ya ngozi pamoja na mate ya mdudu, na kwa baadhi ya watu mwili unaamua kuwa ni adui. Siku nyingine ukila mishikaki, mwili unaikumbuka vita ile. Tatizo huja saa 2 hadi 6 baada ya kula, ndiyo maana wengi hawaunganishi mambo: mtu amekula nyama jioni, usiku wa manane anaamka mwili mzima umevimba vipele vya kuwasha, tumbo linakata, anaharisha, au pumzi inabana. Anasema nimelogwa au chakula kilikuwa kibovu.

Si kila anayeumwa na kupe huyo hupata hali hiyo, na wengi hawaipati kamwe. Aliyeipata hupimwa kwa damu, na wengine hupungukiwa nayo kadiri miaka inavyopita ilimradi wasiumwe tena. Kuku, mayai, na samaki kama ndagala na migebuka havina sukari hiyo. Kwa hiyo hata katika hali mbaya, mezani hamtakosa kitu, ingawa najua mtu wa nyama choma hatafarijika kwa neno hilo.

Kuna jambo jingine la kupe hao hao ambalo mimi naliogopa zaidi kuliko kukosa nyama, nalo ni homa. Kupe wa eneo hilo hubeba vijidudu vya magonjwa kadhaa yanayoanza sawasawa: joto kali, kichwa, viungo, uchovu, kichefuchefu, na wakati mwingine vipele siku chache baadaye. Sisi tuliokulia kwenye malaria, homa ikija tuna jina lake tayari. Mtu anameza vidonge alivyotunza tangu kambini, au anajifunika blanketi akisubiri jasho. Kansas, kwa kawaida, mbu wa nyumbani hawaambukizi malaria. Kama mmesafiri Afrika karibuni, ndiyo, semeni hivyo hospitalini. Lakini homa ya Mei hadi Septemba, ndani ya wiki mbili baada ya kutembea kwenye majani, ni ya kupe hadi daktari aseme vinginevyo. Dawa yake kuu ni doksisaiklini, hufanya kazi vizuri ikianzishwa mapema, na hupewa hata watoto wadogo. Madaktari wenyewe hushauriwa kutosubiri majibu ya maabara, kwa sababu mojawapo ya homa hizo inaweza kuua ikipita siku tano bila tiba. Kwa hiyo msiende hospitali mkasema "ana homa" tu. Semeni: "Tulitembea kwenye mbuga, kuna kupe." Kama Kiingereza kinawapa shida, ombeni mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kumtoa bila malipo, na mtoto wenu wa miaka 12 asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake.

Habari njema ni kwamba kupe anazuilika kuliko watu wanavyodhani. Haruki, haanguki kutoka mtini. Hupanda kwenye ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele na kungoja kitu chenye joto na pumzi kipite kikigusa. Kupe huyu mwenye doa anaweza hata kutembea kukufuata ukikaa mahali pamoja, kwa hiyo msipumzike kwa kulala kwenye majani. Tembeeni katikati ya njia. Njia kubwa ya hifadhi ile ni barabara ya changarawe, pana kiasi cha gari kupita, na anayebaki katikati yake hagusani na majani hata kidogo. Suruali ndefu za rangi nyepesi, ncha zake ndani ya soksi. Inachekesha, lakini vaeni hivyo.

Kuna dawa ya kupulizia nguo iitwayo permethrini, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kambi. Msiiogope jina: ni ya ukoo mmoja na dawa inayowekwa kwenye vyandarua mlivyolalia Nyarugusu, na ilitengenezwa kwa kuiga pareto, ile inayolimwa Iringa na Mbeya. Inapuliziwa kwenye nguo, viatu na soksi, inaachwa ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Haipakwi kwenye ngozi, na paka asiisogelee ikiwa mbichi. Ngozi iliyo wazi ipakeni dawa ya kufukuza wadudu yenye diti (kwenye chupa imeandikwa DEET), kiasi cha asilimia 20 hadi 30, mkifuata maelezo ya chupa kuhusu umri wa mtoto.

Mkirudi nyumbani, nguo ziingie moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, joto la juu, dakika 10. Kufua peke yake hakumuui kupe, ukavu wa moto ndio unamuua. Watu waoge ndani ya saa 2, kisha mkaguane: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, na kichwani kwenye nywele za watoto, hasa kama zimesukwa. Mkimkuta ameshika, tumieni kibano chenye ncha nyembamba, mshikeni karibu kabisa na ngozi, mvuteni polepole kwa mstari mmoja. Msimchome na kiberiti, msimpake mafuta ya taa wala vaselini. Mambo hayo humfanya ateme zaidi, na mnachotaka ni kinyume chake. Andikeni tarehe kwenye kalenda.

Wapo pia utitiri wa majani, wadogo kiasi cha kutoonekana, wanaoacha vipele vya kuwasha kiunoni na kwenye vifundo vya miguu. Watu wetu huwadhani ni funza na kuchukua pini. Msichokonoe. Hawaingii ndani ya ngozi, hakuna kitu cha kutoa humo, na pini ndiyo italeta usaha. Osheni kwa sabuni, pakeni dawa ya kutuliza muwasho, siku chache zinatosha.

Radi. Mbuga ile ni wazi kabisa, na hiyo ndiyo sifa yake, lakini wingu likija, kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita nzima ni wewe. Dhoruba za Kansas hupenda alasiri na jioni, kuanzia Aprili hadi Juni zaidi, na zinaweza kujengeka haraka kutoka kwenye anga la buluu. Ukisikia ngurumo, hata hafifu, radi tayari inaweza kukufikia. Rudini kwenye gari, fungeni vioo, kaeni humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Gari linakinga kwa sababu ya bodi yake ya chuma inayoupitisha umeme nje hadi ardhini. Matairi ya mpira hayahusiki, na pikipiki au gari lisilo na paa halisaidii. Yale ya kuvua nguo nyekundu na kufunika vioo vya kujitazamia waachieni bibi na babu. Hakuna mahali salama nje, wala chini ya ule mti mmoja ulio peke yake, wala kulala kifudifudi. Kwa hiyo kazi inafanyika asubuhi mkiwa nyumbani: someni utabiri, na kama umetaja ngurumo, ahirisheni.

Jua nalo ni hesabu rahisi. Kivuli hakuna, maji njiani hakuna. Julai joto hupita nyuzi 32 mara kwa mara, na mtoto wa miaka 4 huchemka kabla yako. Bebeni angalau lita 1 kwa kila mtu kwa matembezi ya saa 2, kofia, na mgeuze maji yakifika nusu.

Baisani ni kweli hawatenganishwi na watu kwa uzio wakati njia inapopita ndani ya eneo lao. Walirudishwa pale mwaka 2009, wakaanzia 13 kutoka Dakota Kusini. Dume linaweza kufika kilo 900, na hukimbia kama kilomita 55 kwa saa. Nyote mnajua mbogo. Huyu si mkorofi kiasi hicho, lakini mpeni heshima ileile. Kanuni ya hifadhi ni kukaa mbali naye yadi 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Akiwa amesimama njiani, subirini aondoke au rudini mlikotoka, safari imeisha, hakuna aibu. Akiinua mkia na kukukabili, ulikwisha kumkaribia mno. Ondokeni pole pole. Kuanzia Aprili kuna ndama wa rangi ya kutu na mama zao hawana mzaha, na Julai na Agosti madume yanagombania majike. Wengi wanaojeruhiwa na wanyama hawa waliwakaribia wenyewe, mara nyingi kwa kutafuta picha. Mtoto msimweke mbele ya baisani na kurudi nyuma na simu.

Kuhusu nyoka, mwambie mama watoto kwamba huku hakuna mamba mweusi wala swila. Wenye sumu ni wachache: aina mbili wanaotikisa njuga mkiani, na mmoja wa rangi ya shaba anayependa mahali penye miti na mawe. Tabia yao inafanana na ya kifutu, yaani hawakufuati, wanatulia wakitumaini hutawakanyaga. Viatu vya kufunika mguu, macho njiani, mikono isiingie chini ya mawe. Akiuma, pigeni 911, mgonjwa atulie, pete na saa zivuliwe kabla ya uvimbe. Msifunge kamba, msichanje, msinyonye, na jiwe jeusi la nyoka libaki sandukuni. Ni dharura ya kweli, ila dawa ipo na vifo ni nadra kwa aliyefikishwa hospitali.

Lakini nadhani mkeo hakuuliza habari za nyoka tu. Aliyepita porini akiwa na mtoto mgongoni na risasi nyuma yake, majani marefu hayamwambii mambo yanayomwambia mtoto wa darasa la sita. Usimbishie kwa takwimu za nyoka. Mwoneshe picha kwanza: pale si msitu, mtu unaona kilomita nyingi kila upande, na hakuna anayeweza kukujia bila wewe kumwona. Mpe hiari ya kubaki kwenye jengo la wageni na nyumba ya zamani ya mawe iliyojengwa 1881 huku nyinyi mkizunguka. Wapo waliopata nafuu kwa kutembea tena kwenye majani bila kukimbia, wapo ambao moyo ulianza kudunda wakashindwa kupumua. Likimtokea hilo, au kama halali usiku, anaota njia, hilo si la mtaalamu wa malisho kama mimi. Daktari wenu wa kawaida au shirika lililowapokea wanaweza kumwelekeza kwa mshauri, tena kwa Kiswahili.

Muda mzuri kwenu ni Oktoba. Kupe wakubwa wamepungua sana, hewa imepoa, ngurumo chache, na majani yamefikia kimo chake chote, mengine yanampita mtu mzima, yamegeuka rangi ya shaba. Mei na Juni maua ni mengi na kila mtu atawasifia, lakini huo ndio mkutano mkuu wa kupe. Agosti na Septemba hutoka vifaranga vya kupe, wadogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, mamia kwa pamoja.

Kutoka Kansas City ni kama saa 2 kwa gari, kupitia Emporia hadi Strong City, kisha kaskazini kidogo kwa barabara ya 177. Kiingilio hakuna. Anzeni na njia ya Southwind, chini ya kilomita 3, inayopita karibu na shule ya chumba kimoja ya mwaka 1882, na haiingii kwa baisani. Miguu ikikubali, siku nyingine mpande ile barabara ya changarawe inayokwenda kileleni, kiasi cha kilomita 5 kwenda na nyingine 5 kurudi. Mdogo atabebwa, jiandaeni. Mkipenda zaidi, Konza Prairie, karibu na mji wa Manhattan wa hukohuko Kansas, ina mzunguko wa kilomita 4 hivi, mkali kidogo mlimani, wenye mandhari ninayoipenda kuliko zote, ila mbwa na baiskeli hawaruhusiwi.

Huyo mkubwa wenu atawaambia, lakini nikutangulie: msichume kitu. Mama akiona mboga anayoifahamu au uyoga, aitazame tu. Zamani mbuga ya namna hii ilifunika ekari milioni 170 za Amerika Kaskazini. Leo haijabaki hata asilimia 4, na sehemu kubwa iliyobaki ni hapo Flint Hills, kwa sababu mawe yaliyo chini ya udongo yalivunja plau za wakulima. Na nyama ichomeni nyumbani, mje nayo imefungwa. Ndani ya hifadhi msiwashe mkaa: majani ya Oktoba yanashika moto upesi.